Dodoso Lililoishia Tano

Ukitaka kupima uwezo wa watu kujitawala, wafuate kwenye foleni ya leseni za udereva siku ambayo mashine ya picha imegoma. Ndivyo alivyowaza yule binti mtafiti wa chuo kikuu, na ndiyo maana saa nne asubuhi alikuwa amesimama katikati ya ukumbi uliofurika watu hadi mlangoni, rundo la madodoso kifuani, akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Alivaa gauni la bluu la mikono mirefu na viatu bapa vya kusimamia kutwa. Puani alikuwa na miwani ya fremu nyeusi ambayo asipoivaa, dunia yote kwake ni ukungu mtupu.

Dirisha la saba likafunguliwa ghafla. Watu wakalivamia. Bwana mmoja aliyekuwa na haraka zake akampiga kikumbo, miwani ikamruka usoni, kijiguu chake kimoja kikaenda huku na yenyewe ikaenda kule.

"Usisogee, dada!" sauti ya kiume ilisema karibu na goti lake. "Hata hatua moja. Skurubu nimeiona ilipoangukia. Jamani, wazee wangu, miguu! Dakika moja tu, naomba miguu itulie."

Na miguu ikatulia. Hilo peke yake lilimshangaza, maana asubuhi nzima alikuwa akiwaomba watu wale warudishe kalamu zake na hakuna aliyemsikia. Aliona kivuli cha mtu kimepiga magoti sakafuni. Kivuli kikalowesha ncha ya kidole ulimini, kikaokota kitu kidogo kuliko punje ya ufuta, kikachomoa bisibisi mfukoni mwa shati, pale ambapo wengine huweka kalamu. Vidole vikafanya kazi bila papara. Halafu kitambaa laini kikapita juu ya vioo, mara mbili, na miwani ikarudishwa usoni mwake taratibu na mikono ambayo haikutetemeka hata kidogo.

Kitu cha kwanza alichokiona vizuri kilikuwa macho ya kijana mwenyewe.

"Hapo sasa," alisema kijana, akimkagua. "Sikio lako la kulia liko juu kidogo kuliko la kushoto."

"Hivyo ndivyo unavyowasifia wanawake?"

"Wanaovaa miwani tu. Mimi ni fundi miwani, siwezi kudanganya sikio."

Binti alicheka, na kabla kicheko hakijaisha akaona kwamba foleni ilikuwa imesonga. Fundi alikuwa mtu wa tatu kutoka dirishani. Sasa nafasi yake ilikuwa imekwisha mezwa, na hakuna aliyekuwa tayari kumrudishia. Akategemea kuona ugomvi. Fundi alitazama tu, akakuna kidevu, akaenda kusimama nyuma kabisa, karibu na ndoo ya takataka.

Aibu ikampeleka binti huko huko nyuma. "Kaka, nimekuponza. Angalau nikupe kitu cha kupotezea muda," alisema, akampa dodoso. "Sentensi thelathini. Kila moja unazungushia namba. Moja ni 'si mimi kabisa', tano ni 'ndiyo mimi hasa'. Jina huandiki. Tunapima kujitawala. Tunataka kujua kama ni tabia ambayo mtu anayo daima, kama alivyo na urefu wake."

"Urefu hauchoki jioni," alisema Fundi.

Maprofesa wawili walikuwa wamebishana jambo hilo mwaka mzima, na hakuna aliyelisema kwa maneno matatu.

Fundi akasoma namba iliyopigwa muhuri juu ya karatasi. "Mia na kumi na nane. Ndiyo namba ya nyumba yetu, ujue. Na bahasha hii?"

"Hiyo ni ya mtu unayeishi naye. Na yeye anajaza anavyokuona wewe, anaifunga, anatuletea ofisini."

Wengine walimaliza kwa dakika kumi. Yeye alichukua arobaini, akisoma kila sentensi na kuiangalia dari.

"Mbona kama uko kwenye mtihani?" binti alimchokoza.

"Sentensi zako zinauma, dada," alijibu bila kuinua kichwa.

Wiki haikupita, miwani ya binti ikalegea tena. Akiulizwa ukweli, aliilegeza mwenyewe kwa kucha. Karakana ya Fundi ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa, mashine ya kusagia vioo pembeni, na droo ndogo ndogo ukuta mzima, kila moja na karatasi yake ya maelezo. Fundi alikaza skurubu, akaitazama kwa makini.

"Skurubu hii imefunguliwa na ukucha."

"Nani atafanya mambo hayo?"

"Sijui. Lakini akirudi Alhamisi, nitamfungulia chai."

Alirudi Alhamisi. Akarudi na Alhamisi nyingine, mara na gauni la maua, mara na mkufu wa dada yake aliouazima bila kumwambia. Wakawa wanapigiana simu kila siku saa saba mchana, wakati wa mapumziko.

"Bi Vipimo, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Fundi! Maneno hayo umeyasomea wapi?"

"Kuna mteja aliandika barua ya mapenzi akaisahau kaunta. Nimeikariri kabla hajarudi."

Miezi mitatu ilikwenda hivyo, na moyo wa binti ukawa mwepesi mpaka ukamtia hofu. Jambo moja tu lilimkereketa. Ikifika saa kumi alasiri Fundi alifunga karakana, liwalo na liwe, akaenda nyumbani, na simu yake haikupokelewa tena mpaka kesho. "Naishi na baba na dada yangu," alikuwa akisema. "Alasiri ni zamu yangu." Zamu ya nini, hakueleza, naye hakutaka kuonekana mdadisi.

Hofu ya binti ilikuwa na historia. Baba yake mzazi alikuwa mtu mzuri siku sita za wiki. Siku ya saba alivunja sahani. Mama alizoa vigae kwa ufagio bila kusema neno, na kesho yake baba alinunua sahani nyingine na kuomba radhi huku analia. Akiwa na miaka kumi na miwili, binti aliapa chini ya meza kwamba yeye ataolewa na mwanamume anayejiweza, na kwamba atamjua kabla, si baada. Watu walidhani ameingia chuo kwa kupenda namba. Ukweli ni kwamba alikuwa akitafuta rula ya kumpimia mume.

Basi siku ile Fundi aliposema simuni, "Jumamosi njoo nyumbani, laazizi. Nataka baba akuone," furaha ilimpanda na woga ukaja nyuma yake mbio.

Ofisini kwao palikuwa na kabati la chuma. Ndani yake madodoso mia tatu na kumi na mawili. Sheria ilikuwa moja na yeye mwenyewe ndiye aliyeibandika mlangoni: anayekusanya hafungui. Ufunguo ulikuwa kwenye droo yake. Alikaa akiutazama kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Halafu yeye, mtaalamu wa kujitawala, akainuka, akafungua kabati, akatafuta mia na kumi na nane.

Alijumlisha mara tatu, sentensi za lawama akizigeuza kama kanuni ilivyotaka, tano ikihesabiwa moja. Kati ya alama mia na hamsini, Fundi alikuwa na arobaini na saba. Kwenye orodha ya waliokwisha ingizwa, wa chini kabisa alikuwa na sitini.

"Uvumilivu huniishia upesi." Tano, imezungushiwa mara mbili mpaka karatasi ikachubuka. "Nimewahi kumuumiza kwa maneno mtu ninayempenda." Tano. "Hasira hunipanda hata kwa jambo dogo." Tano. Alisikia sahani zikivunjika, akafunga kabati, akaenda kunawa uso.

Jumamosi hakwenda. Aliandika ujumbe kwamba kazi zimemzidi. Jumatatu saa saba simu ikaita, akaiacha iite. Jumatano akaipokea.

"Bi Vipimo. Nimekukosea nini, mpenzi?"

"Hujanikosea."

"Basi aliyekukosea ni nani? Nitajie, nikamshughulikie."

Ulikuwa utani wake wa kila siku. Siku zote ungemchekesha. "Umeona?" alisema kwa sauti iliyopanda. "Ndiyo hayo. Umeanza!"

"Nimeanza nini?"

Upande wa pili mashine ya kusagia ilikuwa ikilia kwa mbali, kisha ikazimwa.

"Sawa," Fundi alisema polepole. "Sitakulazimisha. Ukiwa tayari kuniambia, simu yangu ni ile ile."

Siku kumi na mbili zilipita. Alikonda. Dada yake akamwambia rudisha mkufu wangu, naona hauna kazi tena. Siku ya kumi na tatu mlango wa ofisi ukabishwa hodi, akaingia mwanamke mrefu aliyevaa sare ya uuguzi, bahasha mkononi, uso wa mtu aliyekuja kudai haki yake.

"Ninyi ndio wenye madodoso haya? Nimelileta, limechelewa, mtanisamehe, zamu zangu mbaya. Lakini lina kasoro."

"Kasoro gani, dada?"

"Limeishia tano." Akaiweka bahasha mezani, na binti akaona namba: mia na kumi na nane. "Nimefika kwenye sentensi ya 'ni mtu mvumilivu', namba haitoshi. Nikachukua kalamu, nikaongeza sita pembeni. Sasa msije mkasema nimeharibu."

"Dada, hutakiwi kuniambia ulichojaza..."

"Nakwambia kwa sababu nimekasirika! Huyu ni ndugu yangu, fundi miwani. Baba yetu ugonjwa wa kusahau umemchukua mwaka wa nne sasa. Mimi namwangalia asubuhi, yeye alasiri. Mimi muuguzi, nimesomea, na nikifika saa sita naomba poo, nimeshindwa. Mnataka kupima kujitawala? Njooni nyumbani na rula zenu. Karatasi hii haijui kitu."

Aliondoka akiacha mlango wazi. Bahasha ilikuwa mezani, gundi yake haijakauka vizuri, ingefunguka kwa pumzi tu. Binti aliitazama, kisha akaibeba hivyo hivyo hadi kwa Profesa wake, mama mmoja mkali asiyependa maneno mengi, akamweleza kila kitu tangu ufunguo wa kabati. Profesa alivua miwani, akaivaa tena.

"Mia na kumi na nane linatoka, lote na bahasha yake," alisema. "Wewe kabati huligusi tena. Na nenda ukaombe radhi, kwa sababu mimi siye uliyemkosea."

Jumamosi alasiri alifika nyumba namba mia na kumi na nane. Muuguzi alimfungulia, akamtazama juu mpaka chini, akaitambua miwani ambayo ndugu yake haishi kuisimulia, na mambo yote yakamwingia kichwani kwa mara moja. "Kumbe ni wewe," alisema. Akamvutia kiti cha korido, mbele ya mlango ulio wazi, akaweka kidole mdomoni. "Kaa hapo. Usiongee. Tazama."

Chumba kilikuwa na madirisha mawili na zulia lililofifia. Mzee mmoja msafi, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, alikaa kwenye kiti cha mikono. Mezani, mgongo umeelekea korido, Fundi alikuwa akiunga fremu iliyokatika.

"Miwani yangu iko wapi?" aliuliza mzee. Alikuwa ameivaa.

Fundi akaweka koleo chini. Akainuka, akaivua miwani kwenye uso wa baba yake taratibu, akaipangusa kwa kitambaa, akamvalisha. "Hii hapa, baba. Ilikuwa na vumbi."

Mzee akaangaza. "Ahaa! Mikono mizuri hiyo, kijana. Nani alikufundisha kazi?"

"Wewe, baba."

"Mimi?" Mzee akacheka kwa fahari, akajiegemeza. Fundi akarudi mezani, akaanza kutafuta upya mahali alipoachia.

Hakuwahi kupapata. "Miwani yangu iko wapi?"

Koleo chini. Kitambaa. "Hii hapa, baba. Ilikuwa na vumbi." Nani alikufundisha? Wewe, baba. Mimi? Na fahari ile ile.

Binti ni mtu wa kuhesabu, akahesabu. Mara ya tano. Mara ya nane. Alisubiri sauti ipande, kama alivyosubiri utotoni chini ya meza, mabega yamejikunja. Mara ya kumi na moja alipata alichokuwa akingoja. Mzee aliuliza, na chini ya meza mkono wa kushoto wa Fundi ukajifumba ngumi, vifundo vikaiva. Ngumi ikakaa hivyo kwa muda wa mtu kuhesabu moja hadi tatu. Kisha vidole vikaanza kufunguka, kimoja, cha pili, mpaka kiganja kikawa wazi kabisa, na ndipo Fundi akainuka.

"Hii hapa, baba. Ilikuwa na vumbi."

Sauti ilikuwa ile ile ya mara ya kwanza.

Sasa binti alielewa. Hakuwa amedanganywa. Kila kitu Fundi alichozungushia kilikuwa kweli tupu: uvumilivu ulimwishia, na uliisha upesi, na yeye aliusikia ukiisha. Dodoso halikuuliza alifanya nini baada ya hapo. Miaka mitano alikuwa amesoma habari za kujitawala katika majedwali, na hakuwahi kuona jinsi kunavyoonekana. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta, aliogopa kupoteza hesabu.

Ilipofika mara ya kumi na tisa kiti chake kikalia. Fundi akageuka.

"Umekaa hapo tangu saa ngapi?"

"Tangu mara ya kwanza. Zimefika kumi na tisa."

"Huyu nani?" mzee aliuliza.

Fundi alimtazama binti muda mrefu. "Mgeni, baba," alisema.

Neno lile lilimchoma, na alijua amelistahili. Akaingia, akasema yote bila kujitetea: kabati, ufunguo, arobaini na saba, baba yake na sahani. "Nilikupima nikakukimbia," alimaliza. "Na sheria niliyoivunja niliiandika kwa mkono wangu. Nilishindwa kujizuia kwa muda wa kikombe cha chai, Fundi, na wewe..."

"Nipe dakika moja," Fundi alisema.

Akatoka uani. Walisikia maji ya bomba. Alirudi mikono imelowa, akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Nimekasirika," alisema. "Nataka ujue hivyo. Kwenye foleni ile kila mtu alikuwa akijipamba. Mimi nilijaza ukweli kwa kukuheshimu. Mwaka juzi nilimfokea baba. Mara moja tu. Akalia kama mtoto, na baada ya dakika mbili akasahau. Mimi sijasahau. Ndiyo ile tano niliyozungushia mara mbili. Ungeniuliza, ningekuambia."

Binti alimsikiliza, akiishangaa hasira iliyokaa kitini, ikaongea kwa zamu yake na kumaliza bila kitu kuvunjika. Hakujua kama kuna hasira ya namna hiyo duniani.

"Nisamehe," alisema. "Nimemwambia Profesa. Dodoso lako limeondolewa kwenye utafiti."

"Kwa hiyo simo tena?"

"Humo. Wamebaki mia tatu na kumi na moja."

Fundi akatikisa kichwa, na pembe ya mdomo wake ikaanza kumsaliti. "Hii ni mara ya pili napoteza nafasi kwenye foleni kwa sababu yako, Bi Vipimo."

Alicheka huku analia. Fundi akatoa kitambaa, akamvua miwani iliyolowa, akaipangusa mara mbili na kumrudishia usoni. Alikaza kidogo upande wa kulia.

"Jumamosi ile niliyokuita," alisema kwa sauti ya chini, "na mimi nilikuwa na kipimo changu. Usione nimekaa kimya. Kina swali moja tu, na baba ndiye anayeuliza. Anaweza kuuliza mara hamsini kwa siku, mwaka mzima. Nilitaka nijue kama kuna jibu ambalo hutachoka kulisema."

"Swali gani?"

Mzee alikuwa amegeuza kichwa, akimtazama binti kwa udadisi wa mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Huyu nani?"

Fundi alitazama mikono yake, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, binti akaiona ikitetemeka. Muuguzi aliyekuwa amesimama mlangoni akaacha kukunja shuka.

Binti alisogea, akapiga magoti mbele ya kile kiti, akaushika mkono wa mzee. Ulikuwa mkono mkavu, wenye vidole virefu vya kazi ndogo ndogo.

"Mimi ni mkwe wako, baba."

"Mkwe?" Mzee alimtazama yeye, akamtazama kijana aliyeketi nyuma yake uso umefunikwa viganja. "Mkwe! Na hamkuniambia!" Akapiga makofi, akamwita Muuguzi kwa sauti, njoo, njoo uone, ndugu yako ameoa na wamenificha. Akamshika binti kichwani, akambariki, akamsifu miwani, akasema sikio moja liko juu lakini si neno. Wote wanne walicheka mpaka Muuguzi akalazimika kukaa chini.

Wakanywa chai. Fundi alikuwa bado ameushika mkono wa mchumba wake chini ya meza, vidole vimelegea, mzee alipoweka kikombe chini na kukunja kipaji.

"Huyu nani?"

Fundi alitaka kujibu. Binti akamminya mkono, anyamaze, hili ni lake. Akamgeukia mzee, akamtazama usoni.

"Mimi ni mkwe wako, baba."

"Mkwe!" Mzee aliruka kitini, macho yamejaa furaha mpya. "Na hamkuniambia!"